Njia Panda, Kabari au Mtego wa Panya?

Taarifa ya habari kutoka mpakani ikisomwa redioni, mhusika wake karibu kila mara "yuko njia panda". Malori yamesimamishwa Malaba: madereva wako njia panda. Kenya imefunga mlango wa mahindi: wakulima wa Bulumbi wako njia panda. Mtu ana kitambulisho cha Uganda na cha Kenya, serikali zote mbili zinamshuku, naye anaambiwa yuko njia panda. Watangazaji waliochoshwa na msemo huo wamegeukia Kiingereza na kutafsiri neno kwa neno, ndipo tukaanza kusikia watu walio "kati ya mwamba na mahali pagumu", na wengine "kati ya shetani na bahari kuu". Msikilizaji anabaki akijiuliza huo mwamba uko wapi, na huyo shetani ameingiaje katika habari ya forodha.

Walimu wa lugha wanalalamika, wahariri wanajitetea, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani hajui aandike kipi. Ugomvi unaonekana mdogo, wa maneno tu. Lakini kila msemo wa kubanwa umebeba hukumu: unasema nani aliutega mtego, kama upo mlango wa kutokea, na kama aliyenaswa alikuwa na hiari. Ukiuchagua ovyo, umemtwisha mtu lawama isiyo yake. Ndiyo maana inafaa misemo hii ipimwe mahali ambapo watu hubanwa kwelikweli, na Busia na Tororo hazina uhaba wa mifano.

Mpaka mmoja, shule mbili

Bulumbi iko katika wilaya ya Busia upande wa Uganda, wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Wasamia na Wagwe ndio wenyeji, Wateso ni majirani, na ukielekea Tororo unawakuta Wajopadhola. Mpaka uliowatenga Wasamia hawa na ndugu zao wa Kenya ulitokana na uamuzi wa wakoloni: mwaka 1902 Uingereza iliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda, kuanzia nyanda za Naivasha hadi ufuko wa Kisumu, ikautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Idi Amin aliidai ardhi hiyo mwaka 1976, akatishia, kisha akanyamaza. Mpaka ukabaki palepale, na wakwe wakabaki pande zote mbili za mto Sio.

Kiswahili kiliwafikia watu hawa kwa milango miwili isiyofanana. Kenya ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani, na tangu hapo mtoto wa Busia ya Kenya amekuwa akikariri methali na nahau ili insha yake ipate alama. Uganda ilipita kwingine. Gavana William Gowers alipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba Kiswahili kipewe nafasi rasmi. Kabaka Daudi Chwa akapinga kwa maandishi mwaka 1929, na Buganda ikamfuata. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, jambo lililokidhuru zaidi ya kukisaidia, maana kwa raia wengi kilibaki lugha ya askari wa kizuizini. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikiita lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Matokeo yake yanaonekana sokoni. Mwalimu aliyesoma Uganda amebeba kichwani orodha ndefu ya nahau za Kiingereza, ndizo alizotahiniwa nazo. Mwenzake wa ng'ambo ya mpaka amebeba methali za Kiswahili. Kituo cha redio kinawahudumia wote wawili kwa matangazo yaleyale, na mtafsiri wa habari amekaa katikati, saa moja kabla ya taarifa, akitafuta namna ya kusema kwamba watu wamekwama.

Kiingereza hakina mtego mmoja

Kosa la kwanza la watafsiri ni kudhani kwamba misemo ya Kiingereza ya kubanwa ni visawe. Sivyo. Kila mmoja una historia yake, na historia hiyo ndiyo inayouonyesha mtego wenyewe.

Thomas Hobson alikodisha farasi mjini Cambridge, akafariki mwaka 1631. Mteja wake alipewa farasi aliyesimama karibu zaidi na mlango wa zizi. Asipomtaka, aende kwa miguu. Kwa hiyo "chaguo la Hobson" halina mabaya mawili ya kulinganisha. Unapewa kitu kimoja, kisha unaambiwa umechagua. Mtego unaopewa jina la John Morton, mshauri mkuu wa Mfalme Henry VII, ni mwingine kabisa. Inasimuliwa kwamba aliyeishi kifahari aliambiwa ana fedha, alipe kodi. Aliyeishi kwa kujinyima aliambiwa lazima ameweka akiba, naye alipe. Hapa njia ni mbili, tena zinapingana, ila zote zinaishia kwenye mfuko uleule.

Mwamba na mahali pagumu ni msemo wa Marekani. Ulinakiliwa mwaka 1921 kama usemi wa Arizona wenye maana ya kufilisika, na baadaye ukapanuka kuhusu dhiki yoyote yenye pande mbili. Ule wa shetani na bahari ni wa kale zaidi na, kwa maoni yangu, ndio wenye faida kubwa kwa msomaji wa mpakani. Robert Monro, askari Mskoti aliyepigana upande wa Wasweden katika Vita vya Miaka Thelathini, aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1637 akieleza jinsi kikosi chake kilivyokuwa chini ya mizinga ya adui mbele na mizinga ya jeshi lake mwenyewe nyuma. Tafsiri ya neno kwa neno inatupa shetani na bahari, na inaiacha nje habari yote: mtu anayepigwa na wake.

Kisha kuna Catch-22, jina la riwaya ya Joseph Heller ya mwaka 1961. Rubani akiwa na kichaa anaruhusiwa kuacha kuruka vitani, sharti aombe. Lakini anayeomba kuepushwa na kifo ameonyesha kwamba akili yake ni timamu, basi arudi akaruke. Hakuna upande wa kulia wala wa kushoto katika mtego huu. Ni duara, na sharti la kutoka ndilo linalofunga mlango. Mengine tuyapite haraka: kuna anayepaka rangi sakafu mpaka anajikuta kwenye kona, naye alijitega mwenyewe, kuna aliyetoka kikaangoni akaangukia motoni, kuna aliye mtoni bila kasia, ambaye hakutegwa na yeyote ila hana nyenzo.

Ghala la Kiswahili na lawama zake

Wanaosema Kiswahili hakina misemo ya kutosha hawajafungua ghala. Kwa aliyetoka kikaangoni, Kiswahili kimesema tangu zamani kwamba ameruka majivu akakanyaga moto (wapo wanaopenda toleo lenye mkojo, ambalo halisomwi redioni). Kwa aliyejitega, mchimba kisima huingia mwenyewe. Kwa anayelazimishwa kuamua papo hapo, kusuka au kunyoa. Kwa anayechagua baya dogo aepuke kubwa, heri nusu shari kuliko shari kamili. Kwa aliye hatarini bila kuanguka bado, amekalia kuti kavu. Kwa aliyezidiwa, maji yamemfika shingoni. Na kwa aliyeshikwa na mwenye nguvu kuliko yeye, ametiwa kabari.

Njia panda haimo katika kundi hilo, ingawa ndiyo inayotumika kuliko yote. Aliye njia panda amesimama, barabara zote ziko wazi, anachokosa ni uamuzi. Kijana aliyepata nafasi ya chuo Kampala na kazi Nairobi yuko njia panda. Dereva ambaye lori lake limezuiwa na askari hana barabara yoyote iliyo wazi. Kumwita wa njia panda ni kusema kimyakimya kwamba tatizo ni kusita kwake.

Wahifadhi wa methali huliepuka swali la lawama. Sehemu kubwa ya misemo yetu ya kubanwa inamlaumu aliyebanwa. Njia mbili zilimshinda fisi, kwa sababu ya tamaa. Mshika mawili moja humponyoka, kwa sababu hakutosheka. Mchimba kisima alichimba mwenyewe. Hekima hiyo ni nzuri kwa kulea watoto, ila ukiisoma juu ya mama anayevuka mpaka na kikapu cha nyanya, umeshamhukumu kabla hajajieleza. Misemo inayomtetea ipo, tena ni ile inayohusu nguvu: wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Ni michache, na kwa bahati mbaya haisikiki sana katika habari za forodha.

Pande tatu za ugomvi

Wa kwanza ni wanaotetea tafsiri ya neno kwa neno. Hoja yao si ya kubezwa. Lugha hukua kwa kukopa picha, na Kiswahili kimekopa nyingi zikakaa: vita baridi, soko huria, uraia pacha. Hakuna anayeuliza leo vita vinakuwaje baridi. Wanasema pia kwamba mwanafunzi wa Uganda anayetoka Kiingereza kwenda Kiswahili anahitaji daraja, na msemo uliotafsiriwa ni daraja hilo. Udhaifu wao uko kwenye picha zenyewe wanazokopa. Vita baridi ni picha inayojieleza. Kati ya mwamba na mahali pagumu haijielezi, kwa kuwa mwamba nao ni mahali pagumu, na kwa vijana wa Dar es Salaam mwamba ni mwanamume shupavu wa kupigiwa makofi. Shetani wa Monro naye akifika Afrika Mashariki anakuta mashetani wenzake wa kupungwa, na habari ya ushuru inageuka ya uganga.

Wa pili ni wanaotaka kila msemo wa kigeni ubadilishwe kwa methali au nahau ya Kiswahili. Nguvu yao ni mdundo: msikilizaji anaipokea sentensi kama iliyozaliwa nyumbani. Lakini nyumbani kwa nani? Kuti kavu ni la pwani, la mtu aliyekwea mnazi na kujua kuti lipi litamwangusha. Bulumbi hakuna minazi. Mkulima wa pale analima muhogo, mahindi na mtama, na kuti kwake ni neno la kitabuni kama alivyo Hobson. Kudhani kwamba msemo wa Lamu au Unguja ni wa asili kwa Msamia kwa sababu tu si wa Kiingereza ni kujidanganya. Juu ya hapo kuna ile lawama iliyofichwa, ambayo kundi hili mara nyingi halioni.

Wa tatu wanataka maelezo yasiyo na picha: "hawezi kuvuka wala kurudi bila hasara". Mahakamani, katika tangazo la forodha na katika mkataba, hao wako sahihi moja kwa moja. Mtu asifungwe kwa sababu ya tafsiri ya fisi. Wanachopoteza ni kumbukumbu. Taarifa ya dakika mbili iliyosemwa kikavu inasahaulika kabla muziki haujaanza, na msikilizaji aliye shambani habebi kalamu. Maelezo kamili pia ni marefu, na mhariri wa redio hununua muda kwa sekunde.

Mitego ya mpakani kwenye mizani

Tuanze na mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye marufuku ikaondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kulikotoka, na cheti kingine kuthibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Lori lililokuwa tayari barabarani lilikwama katika mtego ambao magazeti mengi yaliuita njia panda. Uangalie vizuri. Kuvu hustawi penye unyevu na joto. Mahindi yasiyokauka sawasawa, yakifunikwa turubai na kuachwa juani mpakani yakisubiri kuthibitishwa kuwa salama, yanazidi kuharibika katika kusubiri kwenyewe. Huo ni mtego wa Heller, si wa Hobson. Wakati huohuo Kenya haikuwa na uhasama wa bure: sumukuvu imewahi kuua watu nchini humo, mwaka 2004 zaidi ya watu 100 katika Ukambani. Anayesema fahali wawili wanapigana anaifuta hoja hiyo ya afya. Hapa maelezo wazi yana haki kuliko methali yoyote.

Kuhusu biashara ndogo, kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na Rais Museveni na Rais Kenyatta, na mizigo ilianza kukaguliwa mara moja badala ya mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina pia utaratibu rahisi kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa na ina cheti rahisi cha kulikotoka. Kwa mwenye lori dogo, hii ni nafuu ya kweli. Kwa mwenye kikapu anayekaa kijijini, mbali na kituo, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inaweza kuimeza faida yote. Kwa hiyo anapita njia ya panya, jina ambalo watu wa mpaka wote wanalijua. Akipita kituoni anakula hasara. Akipita njia ya panya na kukamatwa, hana cheti, na mzigo wake halali unaonekana wa magendo. Pande zote mbili anatoa, kama walivyotoa watu wa Morton. Watangazaji wakisema "mtego wa panya" katika habari hii, wapate ridhaa ya kutabasamu, maana mara hii msemo umekaa juu ya ardhi yake, na unasema jambo la kweli: ulinzi uliotegwa dhidi ya magendo makubwa unamnasa asiyekuwemo.

Vitambulisho ndivyo vigumu zaidi. Uganda iliruhusu uraia pacha kwa marekebisho ya sheria ya 2009, Kenya kwa Katiba ya 2010, zote kwa sharti la kujitangaza au kusajili. Msamia aliyezaliwa upande mmoja, akasoma wa pili, akaoa wa kwanza, anaweza kujikuta na karatasi za pande zote bila kuwahi kujaza fomu ya uraia pacha. Majirani wanamtupia fisi na njia zake mbili. Kwa wachache wanaopiga kura huku na kule, fisi anawastahili. Kwa wengi, sivyo. Akijitangaza leo, anakiri kwamba jana hakujitangaza. Akinyamaza, kosa linakua kila mwaka. Na serikali nazo haziko bure: orodha ya wapigakura yenye watu wa nchi jirani ni tatizo halisi, hasa uchaguzi unapokaribia.

Madereva wa mwaka 2020 tutawapitia kwa ufupi. Walipanga foleni ndefu Malaba na Busia wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, nchi waliyoiendea ikiwaona kama ugonjwa uliovaa buti, na ile waliyotoka ikiwashuku waliporudi. Huyo ndiye askari wa Monro, mizinga mbele na mizinga nyuma.

Uzito uende wapi

Kwa kupima hivi, kambi ya neno kwa neno inashindwa karibu kila mahali, isipokuwa pale inapokopa kisa kizima badala ya maneno. "Mizinga ya adui mbele, mizinga ya wenzao nyuma" inaeleweka Bulumbi bila kamusi, na Monro mwenyewe asingelalamika. Kambi ya methali inashinda penye picha inayojulikana pale msikilizaji alipo na isiyomlaumu asiyelaumika. Hapo njia panda iwaachie nafasi kabari na mtego wa panya, na kuti kavu libaki kwa wasomaji wa pwani.

Kuna ghala jingine ambalo kambi zote tatu zimelisahau, ingawa kila Jumapili linafunguliwa makanisani kutoka Dabani hadi Tororo. Mbele Bahari ya Shamu, nyuma jeshi la Farao: hakuna Mkristo wa mpakani asiyeijua hali hiyo, na waumini wa Kiislamu wanaijua kwa kisa cha Musa na Firauni. Yule mtu wa nabii Amosi, aliyemkimbia simba akakutana na dubu, akafika nyumbani akaumwa na nyoka ukutani, ni kuruka majivu kulikokamilika. Picha hizi hazikutoka pwani wala Cambridge, na zimeshapita katika Lusamia na Ateso kabla ya kufika redioni. Kasoro yake ni moja: katika kisa cha Musa bahari inapasuka, na mtangazaji asiahidi hilo kwa niaba ya forodha.

Mtaala wa Kiswahili wa Uganda ungali unajengwa, na hapo ndipo uamuzi una matunda ya haraka. Nahau zikifundishwa kwa alfabeti, mwanafunzi atatoka na orodha. Zikifundishwa kwa aina ya mtego, yaani aliyejitega, aliyetegwa, aliyebanwa na pande mbili, aliyenyimwa nyenzo, atatoka na kipimo, na njia panda itarudi kwa wale wanaosita. Kwa mtego wa duara, ule wa mahindi yanayooza yakisubiri cheti cha kutooza, Kiswahili hakijapata msemo uliokubalika. Sioni haja ya kuulazimisha kwa tafsiri. Kueleza duara lenyewe, hatua kwa hatua, kunachukua sentensi mbili tu, na ofisa wa forodha anayezisikia hawezi kujificha nyuma ya methali.